Kanuni ya Kumi na Moja

Zimebandikwa nyuma ya mlango wa kabati.
Karatasi imegeuka rangi ya chai,
pembe ya chini gundi imeachia, na hapo Eizo
aliandika kwa penseli namba ya muuza mafuta ya taa.

Ya kwanza: stempu iuzwe kwa bei iliyochapwa usoni mwake,
isizidi yeni moja, isipungue yeni moja.
Mzee Hatakeyama hubishana kila Desemba:
"Nachukua mia mbili, hunipunguzii?"
Namwambia punguzo liko kwenye figili.

Ya tatu: anayetaka moja auziwe moja.
Ya nne: zisikae karibu na moto wala unyevu.
Aliyeitunga hajawahi kulala Akita mwezi wa Januari,
ambako hakuna kitu cha tatu.
Mimi nazilaza kwenye kopo la biskuti
na mfuko wa mchele mkavu,
kopo naliweka juu ya rafu ya soksi.

Ya saba: sanduku jekundu lililo nje,
theluji isizibe mdomo wake.
Hiyo Eizo aliishika kama sala.
Alifukua sanduku kwanza, mlango wetu baadaye,
nami ndani nikigonga kioo, nimefungiwa
kama samaki kwenye barafu, nikimtukana.

Ya kumi na moja sikuwa nimeisoma.
Leseni hairithiwi. Mwenye leseni akifariki,
ofisi iarifiwe kwa maandishi ndani ya siku thelathini.

Siku thelathini!
Siku hizo nilikuwa nawaandikia watu shukrani
kwa bahasha zao za rambirambi,
barua sitini na mbili, kila moja na stempu yake,
na zote aliniuzia marehemu.
Jina lake ndilo lililo kwenye ubao.
Tangu hapo ameuza majira tisa ya baridi,
amepandisha bei mara mbili serikali ilipopandisha,
na hakuna aliyewahi kumlalamikia.

Jumanne alikuja mkaguzi, kijana, Narumi,
viatu vimelowa, miwani imefunga ukungu.
Alihesabu karatasi kwa karatasi,
akilamba kidole, kisha akikumbuka, akikifuta kwenye suruali.
Hesabu ikakaa sawa hadi yeni ya mwisho.
Mali bila daftari hupotea bila habari, wanasema.
Yangu daftari inalo.
Aliyepotea ni mwenyewe.

"Bwana Kumagai hayupo?"
"Hayupo," nikasema,
na sikuwa nimesema uongo.

Mlango wa chumba cha ndani ulikuwa wazi kiasi cha kiganja.
Ubani ulikuwa unatoka.
Picha ya Eizo, ile ya harusi ya mpwa wake, tai imepinda,
ilikuwa inatutazama sote wawili.
Kijana akaitazama. Akafuta miwani. Akaitazama tena.
Kisha akaandika, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu:
*Mwenye leseni hakuwepo dukani.*
Akanunua soksi.

Usiku nikaandika barua kwa ofisi.
Mistari minne, mmoja nikaufuta.
Nikazunguka meza nikasimama upande wa mteja,
nikatoa mia na kumi kwenye pochi yangu,
nikazunguka tena nikazipokea.
Sheria ni msumeno, haya, basi na iniambie:
muuzaji akijiuzia, kamisheni ni ya nani?
Nimetafuta kuanzia ya kwanza hadi ya kumi na tisa.
Kimya.
Nikasema asante kwa sauti,
maana Eizo alimshukuru hata mtoto aliyetumwa.

Nikavaa buti, nikatoka na barua.
Sanduku lilikuwa kilima cheupe,
mdomo wake hauonekani.
Nikarudi ndani kuchukua koleo.